Bi Raya Alipoimba Muraqqabat

Ilham alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa kanisani nawafundisha wanakwaya wimbo mpya, na nilipoiona namba ya ng'ambo nilijua kabla ya kupokea. Watu wangu wa Dubai hunipigia jioni, wakiwa wameshakula na wana nafasi ya kucheka. "Nekesa," alisema, "Bibi ametutoka. Alfajiri, baada ya kusali." Nikawaambia wanakwaya wapumzike, nikatoka nje nikakaa ngazini. Mama mmoja wa sauti ya pili alinifuata akaniuliza nimefiwa na nani, nami nikatafuta neno la kumwita. Mwajiri? Alikuwa hivyo, lakini neno hilo lilikuwa dogo mno. Mwalimu? Nyanya? Mwishowe nikasema, "Nimefiwa na mwimbaji mkubwa." Akaniuliza jina lake. Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikia jina la kijiji asichokijua, akarudi ndani. Nilibaki pale kwenye jua nikifikiri kwamba katika mji wangu wote wa Kitale hakuna mtu mwingine aliyewahi kumsikia Bi Raya, na kwamba mwaka mmoja niliokaa naye ndio ulionifanya niwe huyu ninayesimama mbele ya watu na kuwaambia wafungue vinywa.

Mwaka ule Dubai ilikuwa ikichimbwa kila upande. Nguzo za treni ya juu zilikuwa zimesimama katikati ya barabara bila reli, na teksi zilizunguka vifusi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa nikikaa Naif, chumba kimoja na wasichana wenzangu kutoka Kenya, vitanda vya juu na chini, mapazia ya leso kati ya kitanda na kitanda. Chini yetu kulikuwa na maduka ya jumla ambako wafanyabiashara wa Nairobi na Kampala walifunga mizigo tangu asubuhi, na sauti ya utepe wa gundi ukichanwa ilikuwa ndiyo saa yetu ya kuamka. Kampuni iliyonileta kufanya usafi hotelini ilikuwa imefungwa, na mimi nilibaki nikitafuta kafeel mwingine, yaani mdhamini, kabla viza haijaisha. Mumbua, aliyelala kitanda cha juu yangu na kufanya kazi ya ulinzi kwenye duka kubwa, ndiye aliyenisikilizia kazi. "Kuna familia ya Wazanzibari huko Al Twar," aliniambia akivua buti. "Wanataka msichana wa Kiswahili akae na shosho yao. Lakini nakushow mapema, huyo shosho amekataa kila mtu. Wa mwisho alikaa siku moja, akalia."

Nilikwenda. Nyumba ilikuwa villa ya rangi ya mchanga, yenye mti wa mkwaju uani na viatu vingi mlangoni. Madam Asma, mke wa mwenye nyumba, alikuwa mwalimu, mwanamke mpole mwenye uchovu machoni, naye alinipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na kitanda cha Kizanzibari chenye nguzo nne, cherehani iliyofunikwa kitambaa cha kusuka, chetezo cha udi, na mashine ya baridi dirishani iliyonguruma kama trekta. Bi Raya alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, mweusi wa kung'aa, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, akitazama ukuta.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Kitale, Bibi."

"Ndiyo wapi huko?"

"Kenya. Ndani kabisa, karibu na mlima Elgon."

"Na huko munasema Kiswahili?"

"Tunajaribu, Bibi."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Basi jaribu hapa nisikie. Nambie umekula nini asubuhi."

"Nimekunywa chai na mkate mbili."

"Mkate mbili," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. "Vipande viwili vya mkate, mwanangu. Mkate mbili hata mwokaji wake haujui." Kisha akamwambia Madam Asma, bila kuacha kunitazama, "Huyu abaki. Huyu amejibu anavyojua, hakujitia kujua."

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Bwana Nassor, mwanawe, alikubali kuwa kafeel wangu. Alikuwa mtu mwenye cheo katika ofisi ya serikali, kandura yake haina kunyanzi hata jioni, na mbele ya majirani alisema Kiarabu kitupu. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya mama yake, na hata hicho alikisema kwa sauti ya chini. Mimi nilimwita sir, kama tulivyozoea. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha Bi Raya, kumpa dawa, kumpikia uji, na kukaa. Kukaa ndiko kulikokuwa kazi kubwa, kwa sababu wiki za mwanzo hakusema mengi, na mimi nilijaza ukimya kwa kunyoosha nguo na kuimba chini kwa chini nyimbo za kwaya ya kanisa letu, ambalo huko Dubai lilisali Ijumaa. Siku moja nikiwa katikati ya wimbo, nikisukuma pasi juu ya shuka, niliisikia sauti kutoka kitandani.

"Nani huyo anayeimba kwa pua?"

"Ni mimi, Bibi. Samahani."

"Sikukwambia unyamaze. Nimekwambia unaimba kwa pua. Tena unalitupa neno kabla halijafika. Neno lina mkia, na mkia ndio utamu wake. Rudia."

Nikarudia. Akanikatiza. Nikarudia tena. Akanikatiza tena, safari hii kwa kuimba yeye mwenyewe mstari ule ule, wimbo wa kanisa asioujua, kwa maneno aliyoyasikia mara mbili tu. Pasi ilibaki mkononi mwangu mpaka shuka likanuka kuungua. Sijui niieleze vipi sauti ile. Haikuwa nzuri kwa namna ya sauti za redioni. Ilikuwa nene, na yenye mikwaruzo, na ilianzia mahali pa chini sana kisha ikapanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Kila herufi ilipewa haki yake. Nilipogeuka nilimkuta Ilham, mjukuu wake, mlangoni, mkoba wa chuo ungali begani, mkono mdomoni.

"Miaka sijamsikia," aliniambia jikoni baadaye. "Kwani hukuambiwa? Bibi yangu alikuwa staa, Nekesa. Alikuwa akiimba taarabu wakati wanawake wengine wanaimba nyuma ya pazia."

Hakuna aliyeniambia. Katika nyumba ile hapakuwa na picha yake hata moja akiwa jukwaani. Basi nikaanza kumuuliza mwenyewe, na yeye, kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa, akaanza kujibu. Alisimulia mchana, baada ya chakula, wakati villa nzima imelala. Alipenda nimpeleke jikoni, akae kwenye kiti chenye mto, anielekeze kupika huku akisema. Nilijifunza boko boko na mkate wa kumimina kwa mkono wangu na mdomo wake. Kule Unguja, alisema, mama yake alikuwa akiwapikia kaimati wanaume wa kikundi cha taarabu, naye akiwa msichana mdogo alibeba sinia mpaka mlangoni na kulazimika kungoja sinia litoke. Kungoja kule ndiko kulikomfunza nyimbo zote. Siku moja mwimbaji wao aliumwa koo, na mpiga fidla akasema kwa mzaha kwamba basi na aimbe mwenye kaimati. "Nikaimba," alisema Bi Raya. "Wakaacha kula."

Walimweka nyuma ya pazia kwanza, na watu walisema kikundi kimepata kijana mwenye sauti ya ajabu. Kisha akakataa pazia. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kukaa kwenye jukwaa moja na wanaume, uso wazi, mbele ya watu waliolipa kuingia. Katika mji mmoja wa pwani, ambao hakutaka kuutaja kwa sababu alikuwa na mashoga huko, wenye hasira walirusha mawe juu ya paa la bati wakati akiimba. Nilimuuliza alifanya nini. "Mpiga ngoma alikuwa hodari," alisema. "Akayafuata mawe. Kila jiwe likianguka, yeye yupo pale pale. Watu ndani wakacheza mpaka wa nje wakachoka." Alinisimulia pia safari ya meli kwenda Mombasa kurekodi santuri, shangazi yake akiwa mlinzi wake, na chumba cha nyuma ya duka la Mhindi kilichotundikwa mablanketi ukutani, joto kama tanuri. Fundi wa mashine alisema sauti yake inairusha sindano. Akawaweka wanaume karibu na mashine, yeye akamsogeza mpaka mlangoni. "Wao karibu, mie mlangoni. Na bado nikawafunika." Santuri ilipotoka iliandikwa jina la mkubwa wa kikundi, na chini yake, kwa herufi ndogo, na mwenzake. Nilikasirika kwa niaba yake, nikapiga mwiko kwenye sufuria. Yeye alicheka. "Kwa nini nikasirike? Ukiiweka sahani, anaimba nani? Anaimba mwanamke. Jina wameliandika wao, sauti hawakuweza."

Wimbo uliokuwa kwenye santuri ile aliutunga mwenyewe, siku mume wake wa kwanza alipomwambia achague kati ya nyumba na jukwaa. Aliniimbia huku nikichambua mchele, na nikauandika moyoni kabla hajaumaliza:

*Sina nilichokiiba, sina wa kunishitaki,*
*Moyo wangu ukishiba, sauti haizuiki,*
*Mungu hatoi kwa haba, akitoa hapunguki,*
*Niacheni nami nimbe, kesho yangu siijui.*

Alichagua jukwaa. Mume wa pili, baba yake Nassor, alimwoa akijua hivyo na akambebea fidla za wenzake kutoka mji hadi mji. Baada ya mapinduzi walitawanyika kama wengine, mume akafia njiani, na yeye akafika Dubai na mtoto mmoja na cherehani ile iliyokuwa chumbani. Alishona mchana, akaimba kwenye harusi za wanawake wa Kizanzibari wa Deira, miaka na miaka, mpaka Nassor alipopanda cheo na kumwomba aache. "Aliniomba," Bi Raya alinisisitizia, kidole juu. "Hakuniamrisha. Angeniamrisha ningekataa."

Nilipokuwa kijana nilidhani ushujaa ni kelele. Kwetu shujaa ni yule anayesimama mkutanoni na kupiga meza. Mwanamke huyu alikuwa ameyashinda mawe, sindano na mume, na alinisimulia yote kwa sauti ile ile aliyoniambia nayo nipunguze hiliki. Leo ninapomwona mwanakwaya mwenye kipaji akijiviringisha nyuma ya wenzake kwa haya, simkemei. Namwambia habari ya msichana wa kaimati.

Ugonjwa ulijitokeza mezani. Alianza kuacha nyama, kisha wali, kisha akawa anatazama uji kana kwamba ni kazi ya siku nzima. Nilipomfunga kanga nilihisi uvimbe upande wa koo, mgumu kama kokwa la tende. Ilham na mimi tulimpeleka kwa daktari, mama wa Kihindi mwenye sauti nyororo, aliyepima, akapiga picha, akatuita tena. Alisema kwa Kiingereza, Ilham akitafsiri: uvimbe lazima utolewe; upo karibu mno na mishipa ya sauti; atapona, inshallah, lakini sauti inaweza kubadilika, au isirudi kabisa. Bi Raya alisikiliza kama mtu anayeambiwa bei ya samaki.

"Muulize," alisema, "inaweza kungoja harusi yako?"

Harusi ya Ilham ilikuwa imeshapangwa. Daktari alifikiri, akasema wiki chache zinaweza kuvumilika, miezi haiwezi. Bi Raya akaitikia kwa kichwa, akaomba kurudi nyumbani.

Jioni ile niliwasikia, yeye na mwanawe. Sikuwa nimejificha, nilikuwa jikoni, mlango wa sebule wazi kama siku zote, na katika nyumba ile mfanyakazi alikuwa kama kabati, hakuna aliyeteremsha sauti kwa ajili yake.

"Mama, khalas, tufanye wiki hii," alisema Bwana Nassor. "Nimeshazungumza na hospitali."

"Nitafanya. Baada ya harusi."

"Kwa nini baada?"

"Kwa sababu nitaimba."

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisosi. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa na sauti ya kungoja. Sasa haingoji."

"Unahatarisha maisha yako kwa ajili ya wimbo?"

"Daktari kasema inangoja. Wewe huogopi koo langu, Nassor. Sema unachoogopa."

Akasema. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Alisema kuhusu skuli Unguja, watoto waliojipanga kando ya njia na kumwimbia wimbo wa mama yake, wakibadilisha maneno yakawa matusi, kila siku, akienda na akirudi. Alisema alipigana nao, na mara moja alirudi nyumbani na damu puani na shati limechanika. "Na wewe hukuniuliza," alisema.

"Nilikuuliza. Ulinambia umeanguka."

"Sikutaka ujue."

Maji yalichemka mbele yangu na sikuthubutu kuzima jiko. Kisha Bi Raya akasema, kwa upole ambao bado nausikia, "Basi ulinipigania, baba, na mie sikujua. Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini hukupigana ili mie ninyamaze. Walikuwa wao ndio wanaotaka ninyamaze."

Nilisikia kiti kikisogea, na mlango wa nje ukifungwa taratibu, kwa adabu, jinsi Bwana Nassor alivyofanya kila kitu.

Hakumkataza. Lakini pia hakumruhusu, na kwa wiki zile zilizobaki alipita chumba cha nyuma asubuhi, akambusu mama yake mkono, akaenda kazini. Bi Raya alijiandaa. Hakuimba hata mara moja kwa sauti kamili. Alinung'unika tu, akipiga mapigo kwa kidole juu ya goti, akiweka akiba. Mazoezi yalikuwa yangu. Alitaka waitikiaji wa kibwagizo, akamchagua dada yake Madam Asma, na akanichagua mimi. Nilimwambia haiwezekani: mimi Mkristo wa Kitale, mfanyakazi wa ndani, nikae mbele ya wanawake wale wa dhahabu niwaimbie taarabu? "Nimekuuliza dini yako au nimekuuliza kama umelishika neno?" alisema. Basi nikafanya mazoezi Naif siku zangu za mapumziko, nikiwa nimeketi kitandani, mpaka chumba kizima kikaushika wimbo. Mumbua aliuimba akipiga pasi sare yake ya ulinzi, kwa Kiswahili cha Machakos, na mfanyabiashara mmoja Mganda wa duka la chini, mama mnene aliyepeleka mapazia Kampala, alikuwa akitupazia sauti kutoka chini ya ngazi, "Niacheni nami nimbe!" na sisi tukamjibu kutoka juu, "Kesho yangu siijui!" Sidhani kama wimbo ule umewahi kuimbwa vibaya zaidi, wala kwa furaha zaidi.

Harusi ya wanawake ilifanyika katika ukumbi wa hoteli ndogo Al Muraqqabat, ghorofa ya kwanza, taa za rangi, viti vilivyovishwa kitambaa cheupe, harufu ya udi na asumini nzito kiasi cha kushikika. Wanaume walikuwa ukumbi wa pili, ng'ambo ya ujia. Nilivaa gauni la Madam Asma, lililobanwa kwa pini mgongoni. Kulikuwa na kikundi cha kinamama wa Deira chenye kinanda cha umeme na ngoma mbili, na kwa muda mrefu walipiga nyimbo za kisasa, wasichana wakicheza. Kisha Ilham, bibi harusi mwenyewe, hina mpaka viwikoni, akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akaenda kumshika bibi yake mkono akampandisha.

Mwanamke wa kinanda alimuuliza anataka ufunguo gani wa muziki. Bi Raya akamwambia, "Nifuate." Akakikataa kipaza sauti. Akasimama wima, kanga yake ya kisutu kichwani, akatazama ukumbi mpaka vijiko vikatulia kwenye sahani.

Nimewasikia waimbaji wengi tangu siku ile, wengine kwenye kumbi kubwa. Sijasikia tena kitu kama mstari ule wa kwanza. Alianza chini, karibu na maongezi, kama mtu anayekwambia siri ya jirani, na neno *nilichokiiba* aliliachia mkia mrefu uliozunguka ukumbi na kurudi mikononi mwake. Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja mwenye miwani mizito, naye akaanza kulia bila kujifuta. "Ndiye," alimwambia mwanamke wa pembeni, kwa sauti ya juu kama watu wasiosikia vizuri. "Ndiye yule! Tulikuwa tukimsikiliza ukutani, mama yangu asijue!" Tukaitikia kibwagizo, na ukumbi mzima ukaitikia nasi. Ubeti wa pili aliimba kwa kejeli, nyusi moja juu, na vicheko vikapasuka kila pembe. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake, nikiuona mgongo wake, na niliona jinsi kila mstari ulivyomgharimu.

Kwenye ubeti wa tatu koo lilifunga. Alifungua kinywa na kikatoka kitu kama karatasi ikichanwa. Mpiga ngoma alinitazama. Madam Asma akainuka kitini. Bi Raya hakugeuka, wala hakushika koo. Aliunyosha mkono wake nyuma, kiganja juu, kama mtu anayeomba apewe chumvi, na nikaelewa. Nikasogea, nikaweka mkono wangu juu ya wake, nikauchukua mstari. Niliimba bila pua. Sikulitupa neno. Aliuminya mkono wangu kwa kila pigo, akiniambia wapi pa kungoja na wapi pa kwenda, na tulipofika mstari wa mwisho akauachia mkono, akaumalizia yeye, kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa ndogo kama uzi na haikukatika. Vigelegele vilichukua muda mrefu kuisha. Walimvisha vikuba vya asumini mpaka shingo ikafichika.

Nilitoka mbio ujiani kutafuta maji. Bwana Nassor alikuwa amesimama pale, peke yake, ameegemea ukuta kando ya mlango wetu, mgongo kwetu ili asiwaone wanawake. Mlango ulikuwa na pazia tu. Alikuwa amesikia kila kitu. Nikasema, "Sir, ni maji ya Bibi."

"Mpeni ya uvuguvugu," alisema bila kunitazama. "Baridi yatamuumiza."

Operesheni ilifanyika wiki iliyofuata. Alipona haraka kuliko walivyotegemea, akaanza kula wali, akanenepa kidogo. Sauti haikurudi. Kilichorudi ni mnong'ono, mkavu, ambao ulitaka uweke sikio karibu na mdomo wake. Nililia kwa siku kadhaa nikiwa naosha vyombo, ili isijulikane, lakini alijua. Alinivuta kwa leso ya kichwa mpaka sikio langu likafika. "Unamlilia nani?" alininong'oneza. "Mie nimeshaimba. Huliliwa aliyekufa na wimbo tumboni."

Na kweli hakuomboleza. Alianza kufundisha. Ilham, aliyehamia kwa mumewe, alirudi kila Jumamosi alasiri kuzishika nyimbo zote za bibi yake, moja baada ya moja, na kwa kuwa Bi Raya hakuweza kuimba, mimi nikawa koo lake. Alininong'oneza mstari sikioni, lahaja na mapumziko na yote, mimi nikauimba, Ilham akaurudia, na Bi Raya akakubali au akakataa kwa kidole. Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilipita hivyo, katika chumba kile cha nyuma, mashine ya baridi ikiwa imezimwa ili tusikilizane, jasho likitutiririka. Baadaye mkataba wangu ulikwisha, nikarudi nyumbani na nyimbo zake zote kichwani na Kiswahili chake kwa nusu, na kazi ninayoifanya leo ilianzia kwenye kitanda kile cha nguzo nne.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni Jumamosi moja karibu na mwisho. Tulikuwa katikati ya wimbo wa safari, Ilham akikosea pale pale kila mara, nilipoona kivuli kizingitini. Bwana Nassor alikuwa amevua viatu. Hakuwa na kilemba wala simu mkononi. Alisimama kidogo, kisha akakaa chini, kwenye zulia, karibu na mlango, kama mgeni asiye na hakika na karibu yake. Ilham akakatiza wimbo. Bi Raya akanivuta, akaninong'oneza maneno mengi, nami nikasita kuyasema kwa sababu yalikuwa ya kumwambia mwajiri wangu.

"Anasemaje?" Bwana Nassor akauliza.

"Anasema, sir," nikameza mate, "kama umekuja kusikiliza, usogee, hapo hutasikia. Na kama umekuja kuimba, usiimbe umejikunja hivyo. Nyosha mgongo kwanza, uvute pumzi."

Nilimwona akimtazama mama yake. Kisha akacheka, kicheko kifupi, cha kijana, ambacho sikuwa nimewahi kukisikia katika nyumba ile. Akasogea mpaka miguuni pa kitanda, akanyosha mgongo, akavuta pumzi.